Bertha Benz (1849–1944): Mbenzi wa Kwanza

Utangulizi

Miaka michache baada ya nchi za Afrika Mashariki kujinyakulia uhuru, Kiswahili kilizaa neno wabenzi. Neno hilo lilifinyangwa kwa kulitwaa jina la ukoo wa Kijerumani, Benz, na kulipachika kiambishi cha ngeli ya watu, kana kwamba wenye magari ya kifahari ni kabila jipya lililochipuka mijini. Mbenzi alikuwa mkubwa wa serikali au tajiri aliyeketi kiti cha nyuma, dereva akimpeleka, dirisha limefungwa, huku mwananchi wa kawaida akibaki kando ya barabara akila vumbi. Lilikuwa neno la kejeli, na kejeli yake ilikuwa kali: liliwalenga wale waliofaidi matunda ya mti ambao hawakuupanda wala kuupalilia.

Kinaya ni kwamba mbenzi wa kwanza kusafiri safari ndefu hakuwa na dereva wala dirisha. Alikuwa mwanamke wa miaka 39, mama wa watoto wanne, aliyeondoka nyumbani alfajiri bila kumwarifu mumewe, akalisukuma gari milimani, akanunua mafuta kwa mwuza dawa, na akayatengeneza yaliyoharibika njiani kwa mapambo na mavazi yake mwenyewe. Mwanamke huyo ni Bertha Benz. Jina la mumewe, Carl, limo katika vitabu vya historia kama mvumbuzi wa motokaa, na halina budi kuwamo. Hata hivyo, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Maisha ya Bertha yanaonyesha kwamba chombo hakikamiliki siku kinapobuniwa karakanani. Hukamilika siku mtu anapothubutu kukitoa nje na kukitegemea. Aidha, yanaonyesha jinsi sheria na desturi zinavyoweza kulificha jina la mtu hata pale ambapo fedha, jasho na uamuzi wake vimo ndani ya kazi.

Binti wa Fundi Seremala

Bertha alizaliwa tarehe 3 Mei 1849 katika mji wa Pforzheim, uliokuwa katika dola dogo la Baden, kusini-magharibi mwa Ujerumani. Pforzheim ulisifika kwa wafua dhahabu na watengenezaji wa vito. Babake, Karl Friedrich Ringer, alikuwa fundi seremala na mjenzi aliyejaliwa mali, na Bertha alikuwa mmoja wa watoto wengi wa nyumba hiyo.

Katika jamii ya wakati huo, kuzaliwa kwa binti hakukupokewa kwa vigelegele. Inasimuliwa kwamba babake aliandika katika Biblia ya familia maneno ya kusikitika kwamba aliyezaliwa ni msichana tena, na kwamba Bertha aliyasoma maneno hayo akiwa bado mdogo. Iwapo kisa hiki kimetiwa chumvi na wasimulizi au la, kinaafikiana na hali ilivyokuwa. Binti wa tabaka lake alipelekwa katika shule ya wasichana kufundishwa yale yaliyodhaniwa kumfaa mke wa baadaye: adabu, kazi za mikono, lugha na utunzaji wa nyumba. Milango ya vyuo vikuu ilikuwa imefungwa. Baden ilikuwa ya kwanza miongoni mwa dola za Ujerumani kuwaruhusu wanawake kusajiliwa chuoni kikamilifu, na hilo halikutokea hadi mwaka 1900, Bertha akiwa amekwishavuka miaka 50.

Pamoja na hayo, msichana huyo alipenda mitambo. Huo ulikuwa wakati ambapo garimoshi lilikuwa ajabu la dunia, na reli zilikuwa zikiunganisha miji ya Baden mmoja baada ya mwingine. Bertha alitaka kujua maji na moto viliwezaje kuvuta mabehewa mazito kiasi kile, naye babake, licha ya masikitiko yake ya awali, akakubali kumweleza. Mbegu iliyopandwa hapo ilichukua miaka mingi kuota.

Ndoa, Mali na Sheria

Tarehe 27 Juni 1869 Bertha alikwenda pamoja na mamake katika matembezi ya chama kimoja cha burudani kuelekea monasteri ya kale ya Maulbronn. Katika matembezi hayo alikutana na mhandisi kijana aitwaye Carl Benz. Carl alikuwa amezaliwa tarehe 25 Novemba 1844. Babake, dereva wa garimoshi, alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka miwili, na mamake alihangaika hadi akamfikisha mwanawe katika chuo cha ufundi cha Karlsruhe. Kijana huyo hakuwa na mali. Alikuwa na ndoto tu. Alitaka kuunda gari litakalokwenda bila farasi na bila reli. Pengine wengi waliomsikia walicheka. Bertha hakucheka. Alimsikiliza kama alivyomsikiliza babake akieleza habari za garimoshi.

Mwaka 1871 Carl alianzisha karakana ndogo mjini Mannheim kwa ushirikiano na fundi aitwaye August Ritter. Muda si muda, Ritter alidhihirika kuwa mshirika asiyetegemeka, na karakana ikawa inakaribia kufungwa kabla haijasimama vyema. Hapo ndipo Bertha, ambaye hata hakuwa ameolewa bado, alipochukua hatua iliyobadilisha mkondo wa mambo. Desturi za Ulaya zilimtaka baba ampe binti yake mali ya kuingia nayo katika ndoa, kinyume cha mahari ya Kiafrika ambayo hutoka upande wa mume. Bertha alimwomba babake ampe mali hiyo mapema, akampa Carl, naye Carl akaitumia kumlipa Ritter na kumwondoa. Kwa lugha ya biashara ya leo, Bertha alikuwa mwekezaji wa kwanza katika sekta ya motokaa, kabla motokaa yenyewe haijakuwapo.

Walifunga ndoa tarehe 20 Julai 1872. Hapa pana jambo linalostahili kutafakariwa. Akiwa mwanamwali, Bertha aliweza kuamua fedha zake ziende wapi. Mara tu alipoolewa, sheria ilimweka chini ya mamlaka ya mume. Hakuweza tena kusimama kama mwekezaji wala mshirika kwa jina lake mwenyewe. Mali yake ikaendelea kufanya kazi, jina lake likatoweka katika hati. Hakuna aliyemdhulumu kwa hila. Sheria yenyewe ndiyo iliyokuwa imeandikwa hivyo, na Carl, kwa haki, hakuchoka kumtaja mkewe kwa shukrani hadi uzeeni. Lakini shukrani ya mume na haki ya kisheria ni vitu viwili tofauti.

Usiku wa Kuamkia Mwaka Mpya

Miaka iliyofuata ilikuwa ya dhiki. Uchumi wa Ujerumani uliporomoka tangu mwaka 1873, na kufikia mwishoni mwa muongo huo karakana ya Benz ilikuwa imezama katika madeni. Wakati huohuo familia ilikuwa ikikua: Eugen alizaliwa 1873, Richard 1874, Clara 1877, na baadaye Thilde 1882. Binti wa mwisho, Ellen, alizaliwa 1890.

Tumaini la familia liliwekwa katika injini moja. Nikolaus Otto alikuwa amekwishaunda injini ya mapigo manne na kuilinda kwa hataza, kwa hiyo Carl akajaribu kuunda yake ya mapigo mawili. Ilikataa kufanya kazi. Jioni ya tarehe 31 Desemba 1879, baada ya chakula, Bertha alimshawishi mumewe warudi karakanani wajaribu bahati yao mara moja tena. Walikwenda, wakaizungusha, na safari hii injini ikaitika. Wawili hao walisimama wakiisikiliza ikidunda kwa mapigo sawasawa kwa muda mrefu, na muda si mrefu kengele za makanisa ya Mannheim zikaanza kulia kuukaribisha mwaka 1880. Carl alikikumbuka kisa hiki katika kitabu chake cha kumbukumbu kilichotolewa mwaka 1925, na hakuficha kwamba aliyemrudisha karakanani usiku ule alikuwa mkewe.

Injini hiyo ilifungua mlango. Mwaka 1883, baada ya kutengana na wenye hisa ambao hawakutaka kusikia habari za magari, Carl alianzisha kampuni ya Benz & Cie. pamoja na wafanyabiashara Max Rose na Friedrich Wilhelm Eßlinger. Wenziwe walikubali atengeneze gari alimradi biashara ya kuuza injini za viwandani iendelee kuleta faida.

Chombo cha Magurudumu Matatu

Gari lililozaliwa mwaka 1885 lingemchekesha kijana wa leo. Lilikuwa na magurudumu matatu membamba yenye njiti za waya, mfano wa baiskeli, kwa sababu Carl hakuwa bado amepata njia ya kuridhisha ya kugeuza magurudumu mawili ya mbele kwa pamoja. Fremu yake ilikuwa ya mabomba ya chuma. Nyuma ya kiti ililala injini ya silinda moja ya mapigo manne, yenye nguvu isiyofika hata ya farasi mmoja, pamoja na gurudumu zito la chuma lililozunguka kwa ulalo ili mwendo wa injini usikatike. Nguvu ilisafirishwa kwa ukanda na minyororo hadi magurudumu ya nyuma. Mwendo wake wa kasi kabisa ulikuwa takriban kilomita 16 kwa saa.

Cheche ya kuwashia mafuta ilitoka kwa betri na koili. Maji ya kupoza injini yalichemka na kupotea hewani kama mvuke, kwa hiyo ilibidi yaongezwe kila mara. Mafuta yalibebwa ndani ya kabureta yenyewe, lita chache tu. Badala ya duara la usukani palikuwa na mpini uliosimama wima mbele ya kiti. Msomi wa Kiswahili atatambua hapa jambo la kufurahisha: neno usukani limetoka baharini, kwa manahodha wa majahazi, na gari hili la kwanza liliongozwa kwa namna iliyokaribia zaidi ya chombo cha majini kuliko ya magari yaliyokuja baadaye.

Tarehe 29 Januari 1886 Carl aliwasilisha ombi la hataza, naye akapewa hataza nambari 37435. Waraka huo huhesabiwa kuwa cheti cha kuzaliwa cha motokaa. Jina la Bertha halimo. Tarehe 3 Julai mwaka huohuo, gari lilionyeshwa hadharani katika barabara za Mannheim.

Baada ya hapo, kimya kikatanda. Watu walilishangaa gari, wakalicheka, wakaliogopa, lakini wanunuzi walikuwa adimu. Nani angetoa fedha zake kununua kitu chenye kelele kilichokuwa kikizunguka mtaani na kurudi kwao? Farasi alijulikana, alikula majani na hakuhitaji fundi. Carl alikuwa mhandisi wa kupigiwa mfano, ila hakuwa mtu wa kutangaza. Kila mara aliona kasoro nyingine ya kurekebisha, na kila marekebisho yakawa sababu ya kuchelewesha. Tarehe 1 Agosti 1888 alipata kibali cha maandishi kutoka kwa wakuu wa serikali kumruhusu kuliendesha gari lake la majaribio, na kibali hicho kilihusu eneo la Mannheim na jirani zake. Kwa ufupi, mvumbuzi alikuwa na gari, hataza na kibali. Alichokosa ni mtu wa kuthibitisha kwamba gari linaweza kumfikisha mtu aendako.

Safari ya Pforzheim

Mapema mwezi huohuo wa Agosti 1888, wakati wa likizo ya shule, Bertha na wanawe Eugen, aliyekuwa na miaka 15, na Richard, aliyekuwa na miaka 13, waliamka kabla ya mapambazuko. Walilisukuma gari la aina ya tatu kutoka karakanani hadi umbali ambapo mngurumo wake usingemwamsha Carl, kisha wakaliwasha. Nyumbani waliacha ujumbe mfupi wa maandishi. Walikuwa wakienda Pforzheim kwa nyanya ya watoto, umbali wa takriban kilomita 106 kwa njia waliyopita.

Ili kuielewa safari hiyo, mtu hana budi kuyafuta mawazoni mambo yote anayoyazoea barabarani. Hapakuwa na lami, hapakuwa na vibao vya kuwaelekeza wenye magari, hapakuwa na gereji, na hapakuwa na kituo hata kimoja cha mafuta popote duniani. Barabara zilikuwa za mikokoteni ya farasi, zenye mashimo na kokoto. Hakuna aliyewahi kusafiri mwendo mrefu namna hiyo kwa gari la injini, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumwuliza.

Walipitia Heidelberg, na hadi hapo gari lilikwenda vyema. Walipokaribia Wiesloch, mafuta yalianza kuwaishia. Gari lilitumia ligroini, kimiminika chepesi kitokanacho na mafuta ya petroli, ambacho wakati huo kiliuzwa katika chupa ndogo madukani mwa wauza dawa kwa ajili ya kuondolea madoa nguoni. Bertha aliingia katika duka la dawa la mji huo, lililokuwa la mfamasia Willi Ockel, akanunua lita kadhaa, kiasi ambacho kwa matumizi ya kuondoa madoa kingewatosha watu wengi. Duka hilo sasa linajulikana kama kituo cha kwanza cha mafuta duniani, na mbele yake kumesimamishwa sanamu ya ukumbusho.

Maji yalikuwa shida ya kudumu. Kila walipoona kisima, kijito au nyumba ya wageni, walisimama kuinywesha injini kama mtu amnyweshavyo farasi. Mnyororo ulipolegea, walimtafuta mhunzi mjini Bruchsal akawarekebishia. Mrija wa mafuta ulipoziba, Bertha aliuchomoa utumbo wa taka kwa pini ndefu ya kofia yake. Waya wa cheche ulipochubuka na kuanza kugusa chuma, inasimuliwa kwamba aliuhami kwa ukanda wa mpira wa kushikilia soksi. Vifaa hivi viwili, pini na ukanda, vimempatia umaarufu wa kudumu miongoni mwa wapenda magari, na ni haki yake. Jambo la kuzingatia ni kwamba mtu hawezi kutumia pini ya kofia kuzibua mrija asiojua kazi yake. Bertha aliijua mashine ile kwa sababu alikuwa ameishi nayo tangu ilipokuwa wazo.

Milima ndiyo iliyowatesa zaidi. Gari lilikuwa na gia mbili, na hata ile ya chini haikutosha kupanda miinuko mikali. Iliwabidi washuke na kusukuma, jua la Agosti likiwachoma. Wakishuka bondeni walipambana na hatari iliyo kinyume: breki za vipande vya mbao zilikwisha kwa msuguano. Katika kijiji cha Bauschlott, Bertha alimwomba mshona viatu azipigilie ngozi. Kwa tendo hilo dogo, walivumbua kile ambacho mafundi wa leo hukiita lainingi ya breki.

Jioni, giza likiwa linaingia, watatu hao waliwasili Pforzheim wakiwa wamejaa vumbi na wamechoka taabani. Bertha alimpelekea Carl simu ya maandishi kumjulisha kwamba wamefika salama. Siku chache baadaye walirudi Mannheim kwa njia nyingine iliyokuwa fupi kidogo.

Nani Aliyeshika Usukani?

Masimulizi ya safari hii hayakubaliani katika kila kitu, na msomaji makini anastahili kulifahamu hilo. Carl, katika kitabu chake cha mwaka 1925, anawapa wanawe wawili sehemu kubwa ya mpango, na anamweka Eugen kwenye usukani, mama ubavuni mwake, na Richard katika kiti kidogo. Masimulizi ya miaka ya baadaye, hasa tangu mwishoni mwa karne ya 20, yamemweka Bertha mwenyewe mbele, usukani mkononi, na mara nyingine wana wenyewe wamefifia hadi kuwa abiria tu.

Pengine kila zama humwona Bertha kwa macho yake. Jamii ya mwaka 1925 iliona vyepesi kumwazia kijana wa kiume akiongoza mtambo. Jamii ya leo ina kiu ya shujaa wa kike naye humpa kila kitu. Ukweli usiopingwa unatosha bila kutiwa nakshi. Wavulana wa miaka 15 na 13 wasingeweza kulitoa gari la thamani namna ile bila mtu mzima kuukubali mpango na kubeba lawama. Mtu huyo alikuwa Bertha. Endapo gari lingepinduka au kuungua, kampuni ingepata pigo ambalo huenda isingeinuka tena, na watoto wake wawili wangekuwa ndani. Alijua alichokiweka rehani, maana alikwishakiweka rehani mara moja kabla, pale alipotoa mali yake ya ndoa.

Matunda ya Safari

Bertha alirejea na mambo mawili: habari na orodha ya kasoro. Habari zilienea kijiji hadi kijiji kuhusu mwanamke na watoto waliopita kwa gari lisilo na farasi. Kwa mara ya kwanza watu waliliona gari likitumika kama watu wa kawaida wanavyotaka kulitumia: kumtembelea mama. Hakuna tangazo lingeweza kusema zaidi.

Orodha ya kasoro nayo ilikuwa ya thamani kubwa kwa mhandisi. Ilihitajika gia ya ziada ya kupandia milima, nayo ikaongezwa. Breki zilihitaji kitu cha kuzikinga dhidi ya msuguano, na ngozi ya mshona viatu ilikuwa imeonyesha njia. Leo kila kampuni ya magari hulipeleka gari jipya katika majaribio ya barabarani kabla ya kuliuza. Jaribio la kwanza la aina hiyo lilifanywa na Bertha na wanawe.

Mwezi wa Septemba 1888 Carl alilionyesha gari lake katika maonyesho ya Munich, likatunukiwa nishani ya dhahabu. Mauzo yalianza kuchangamka, hasa Ufaransa kupitia kwa wakala Emile Roger. Mwaka 1893 ilitoka Victoria, gari la magurudumu manne, na mwaka 1894 ikafuata Velo, gari dogo la bei nafuu ambalo kwa miaka michache lilitengenezwa kwa idadi iliyopita 1,000. Mwaka 1899 kampuni ilitengeneza magari 572, nayo ikawa kampuni kubwa kuliko zote za magari duniani.

Machweo

Ufanisi haukudumu bila misukosuko. Mwaka 1903 Carl alijiondoa katika uongozi wa kampuni kutokana na mgogoro kuhusu mwelekeo wa kazi. Familia ikahamia mji mdogo wa Ladenburg, karibu na Mannheim, ambako mwaka 1906 ilianzisha kampuni yake ndogo ya Benz na wanawe. Mwaka 1926 kampuni kongwe iliungana na ile ya Daimler, na magari yake yakaitwa Mercedes-Benz. Mercédès alikuwa binti wa Emil Jellinek, mfanyabiashara aliyekuwa akiuza magari ya Daimler. Hivyo basi, jina lililoenea duniani kote limebeba jina la msichana ambaye hakuunda gari lolote, na jina la ukoo la mwanamke aliyelipata kwa kuolewa.

Carl alifariki tarehe 4 Aprili 1929. Bertha aliishi miaka mingine 15 katika nyumba yao ya Ladenburg. Tarehe 3 Mei 1944, alipotimiza umri wa miaka 95, Ujerumani ikiwa vitani, chuo cha ufundi cha Karlsruhe kilimtunuku cheo cha heshima cha useneta wa chuo. Chuo hichohicho ndicho alichosomea mumewe, na ndicho kilichompa Carl udaktari wa heshima mwaka 1914. Katika ujana wa Bertha, mwanamke asingeweza kukaa darasani humo kama mwanafunzi. Heshima ilifika, ila ilifika siku mbili tu kabla ya mauti: Bertha alifariki tarehe 5 Mei 1944.

Mwaka 2008 njia aliyoipita ilitangazwa rasmi kuwa njia ya kumbukumbu ya Bertha Benz, yenye urefu wa takriban kilomita 194 kwenda na kurudi. Mwaka 2016 jina lake liliingizwa katika jumba la heshima la watu wa magari nchini Marekani, miaka 32 baada ya la mumewe.

Hitimisho

Maisha ya Bertha Benz yamejaa vioja vidogo vinavyopendeza kusimuliwa: pini ya kofia, ukanda wa soksi, chupa za mwuza dawa. Lakini vioja hivyo visipotazamwa kwa makini huweza kumdhulumu upya, vikamfanya aonekane mama mchangamfu aliyepata wazo la kuchekesha asubuhi moja. Alikuwa mwekezaji aliyefutwa na sheria, msaidizi wa karakana asiyekuwa na mshahara, na mjaribu wa kwanza wa chombo ambacho mwenye hataza mwenyewe alisita kukiamini. Kidole kimoja hakivunji chawa, na historia iliyoandika kidole kimoja imesahau kile cha pili.

Lipo pia funzo kwa lugha. Neno wabenzi lilibuniwa kuwasuta wanaopanda gari kwa jasho la wengine, na kwa kazi hiyo neno lingali na makali yake. Hata hivyo, pindi msomaji atakapolikuta tena katika riwaya au gazeti la zamani, na akumbuke kwamba mbenzi wa kwanza alilipia gari kwa mali yake, akalisukuma milimani kwa mikono yake, na akafika aendako na vumbi usoni.